Sentensi Isiyo na Kosa

Mwezi uliopita nilimfokea jirani yangu hapa Usagara mpaka watoto wake wakakimbilia ndani. Alikuwa amekusanya takataka za uani kwake, majani na maganda ya ndizi, juu yake akatupia chandarua kilichochanika, kisha akawasha kiberiti. Moshi ulipovuka ua ulinikuta jikoni nasonga ugali. Niliacha mwiko ndani ya sufuria, nikatoka na kanga moja, nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii jirani. Yule dada alinitazama kwa mshangao. "Mama Neema," akasema, "ni chandarua tu. Kina matundu." Nikarudi ndani nikakuta ugali umeshika chini, nikaketi kwenye kigoda nikalia, na sikuwa nalilia ugali.

Nailoni ikiungua ina harufu yake. Huanza tamu kidogo, kama sukari iliyomwagikia mkaa, halafu inakugeuka na kukukaba koo. Lakini moto ninaoukumbuka mimi haukuwa wa nailoni peke yake. Ulikuwa na kandambili ndani yake, na mbili kati ya hizo zilikuwa zangu.

Wakati huo hakuna aliyeniita Mama Neema. Nilikuwa Kabula, mtoto pekee wa mama yangu, na tulikaa ufukweni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kigongo, enzi ambazo magari yalipanga foleni kungoja kivuko na hakuna aliyeota daraja. Baba alikwenda migodini Geita akisema atarudi baada ya mavuno. Mavuno yakapita, yakaja mengine, na mama akaacha kumwekea sahani. Tulibaki na shamba la mihogo, na kokoro.

Kokoro ni wavu mrefu unaotupwa ziwani kwa mtumbwi, kisha unavutwa kutoka nchi kavu kwa kamba mbili, kundi moja upande huu na jingine upande ule, mpaka tumbo lake lipande mchangani na kila kilichomo. Limepigwa marufuku, na sababu yake siikatai: macho yake ni madogo, linakomba samaki na vifaranga vyao. Hilo nalijua leo, na mama alilijua siku zile. Lakini nyavu za namna hiyo niliziona kwa macho yangu zikining'inia dukani mjini Mwanza, mchana kweupe, na muuzaji akizipigia debe. Sijawahi kusikia duka limechomwa.

Letu lilikuwa la wanawake sita. Kwetu mwanamke hakupanda mtumbwi wa uvuvi. Wazee walisema samaki watakimbia. Mama alipanda, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kupanda. Kila alfajiri alipiga kasia akizungusha wavu huku wenzake wakishika kamba. Watu walimcheka, halafu wakazoea. "Samaki hawajakimbia," alikuwa akisema. "Aliyekimbia ni mume." Kiongozi wao mwingine alikuwa Mama Minza, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, rafiki wa mama tangu usichana wao. Hao wawili walikula sahani moja, walisukana nywele, na ukimwona mmoja barabarani ulingoja sekunde chache umwone wa pili.

Maboya ya kokoro lile tuliyakata wenyewe kutoka kandambili zilizokwisha. Kila mtoto wa wanawake wale alikuwa na kandambili zake humo. Zangu zilikuwa za bluu, kisigino kimelika upande mmoja kwa sababu natembea vibaya hadi leo, na kila wavu ulipokaribia nchi kavu nilizitafuta kwanza kabla ya kutafuta samaki. Nikiziona zinaelea nilijua tutakula.

Jua likishachomoza, kokoro lilikaushwa upesi na kufichwa ndani ya kihenge, kighala chetu cha chakula pale uani, chini ya udaga. Udaga ni mihogo iliyovundikwa na kukaushwa, na harufu yake ya uchachu ni kali kiasi kwamba hata ukificha samaki mzima chini yake hakuna pua itakayomkuta. Mama alinifundisha siri ile kama wenzangu walivyofundishwa sala.

"Mtu akikuuliza?"

"Sijui."

"Akikupa pipi?"

"Sijui."

"Akikuchapa?"

"Sijui, mama."

Nilishika ahadi hiyo. Nataka ijulikane hivyo. Sikumwambia mtu yeyote, wala rafiki, wala padri kwenye kitubio.

Alikuwapo Bwana Samaki, yule afisa wa kusimamia uvuvi, aliyepita na pikipiki yake kila Jumamosi. Mama alimngoja kwenye kona ya njia na mfuko wa sato watatu au wanne, wale wakubwa. "Shikamoo, Bwana Samaki." "Marahaba, mama. Hamjambo?" Aliuning'iniza mfuko kwenye usukani akaondoka. Hakuuliza hata mara moja sato wale wametoka wapi, na mimi nilimwona mtu mwema, mwenye haya.

Shuleni kwetu kulikuwa na Mwalimu Sospeter. Alitoka Magu, mwembamba, na suruali yake ya kaki ilipigwa pasi hadi ikang'aa magotini. Alikipenda Kiingereza kama watu wa kwao wanavyopenda ng'ombe. Alikuwa na kamusi iliyojaladiwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji, na kila Jumatano alichagua humo kitenzi kimoja kikubwa kuliko umri wetu, akakiandika ubaoni, akatutaka tukitie maishani. Ndivyo alivyosema, tukitie maishani. "Msiniletee sentensi za kitabu," alitukemea. "Hapa hakuna theluji. Nataka sentensi ya nyumbani kwenu, yenye jasho."

Nilikuwa darasa la sita Jumatano ile alipoandika "incur". Tulikiimba kitenzi hicho mpaka madirisha yakatikisika, kisha akatueleza. "Hiki ni kujiletea jambo baya kwa kitendo chako mwenyewe. Sikilizeni vizuri. Hakibebi kitu kizuri. Hasara, ndiyo. Adhabu, ndiyo. Hasira za mkubwa, ndiyo. Lakini huwezi kujiletea pilau kwa kitenzi hiki. Na lazima uwe umefanya jambo. Mvua ikikukuta tu njiani, hujajiletea. Ukiambiwa subiri inyamaze ukatoka mbio, hapo sawa."

Deus, mvulana aliyekaa nyuma yangu, akasimama na kusema bibi yake alijiletea mbuzi.

"Mbuzi ni balaa, Deus?"

"Ndiyo, mwalimu. Amekula shamba lote."

Darasa likaangua kicheko, na Mwalimu Sospeter akafikiri kwa dhati, mkono kidevuni, kabla ya kuamua kwamba mbuzi huyo hakubaliki mpaka ielezwe bibi alifanya nini. Tulimpenda kwa mambo kama hayo. Naandika hivyo nikiwa nimeuma meno, lakini ni kweli, tulimpenda.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu mzima anaweza kulicheka. Nyumbani tulisema Kisukuma. Kiswahili kilikuwa cha sokoni, cha shule na cha mabango ya serikali, na kila apitaye njiani alikisikia. Lakini Kiingereza hakikuwa na mwenyewe. Sikuwahi kumwona mtu akigombezwa kwa Kiingereza, wala akiuziwa nyanya, wala akizikwa. Kiliingia daftarini na kikabaki humo. Kwa hiyo nikaamini, kwa akili yangu yote ya miaka kumi na miwili, kwamba Kiingereza ni mahali pa kuwekea kitu kisichosemeka. Ukikiweka humo hakuna wa kukichukua. Kilikuwa kihenge changu.

Na siri inachosha mtoto. Nilikuwa nimeibeba miaka mitatu. Usiku ule sikutafuta sana. Sentensi ilikuja yenyewe. Niliandika, kwa Kiingereza, kwamba wakilikuta kokoro letu chini ya udaga, mama yangu atajiletea hasara kubwa. Nikaisoma mara mbili nikajisikia mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo.

Mwalimu Sospeter alinirudishia daftari likiwa na alama ya vema kubwa iliyotoboa karatasi. Alikuwa ameongeza kineno kimoja kidogo nilichokisahau, kwa wino mwekundu. Akanisimamisha. "Hii," akaliambia darasa, "ndiyo sentensi." Hakuniuliza kokoro gani. Alikuwa amekula samaki wetu mara nyingi, anaijua nyumba yetu, anamjua mama kwa jina. Alisoma maangamizi ya mwanamke na alichokiona ni kineno kimoja kilichopungua.

Wiki chache baadaye yakaja mahafali ya darasa la saba. Walimu walitaka kuwaonyesha wageni kwamba hata madarasa ya chini yako moto, basi tukachaguliwa watoto watano, kila mmoja asimame mbele na kusoma sentensi yake bora kwa sauti. Yangu ilikuwa ya mwisho, kwa kuwa ndiyo nzuri kuliko zote.

Mgeni rasmi aliyealikwa alikuwa mkubwa fulani wa wilaya. Kama ilivyo desturi ya wakubwa, akapata udhuru, akatuma mwakilishi. Gari likasimama, mlango ukafunguliwa, akashuka Bwana Samaki, amevaa shati jeupe na tai. Je, niliogopa? Sikuogopa hata chembe. Nilifurahi kumwona mtu tunayemfahamu. Akakalishwa meza kuu katikati ya diwani na padri, chini ya turubai, na nyuma ya madarasa wanawake wakaendelea kukaanga sato wa chakula cha wageni. Samaki hao walikuwa wametoka kwenye kokoro letu asubuhi hiyohiyo. Mama mwenyewe ndiye aliyewaleta, akiwa na kitenge chake cha njano cha Krismasi.

Zamu yangu ilipofika nilisimama wima, mikono ubavuni, nikaisoma. Niliisoma vizuri. Sijawahi kusoma kitu vizuri hivyo tena. Na kabla sauti yangu haijatua mama akapiga vigelegele. Alikuwa hajui neno hata moja, lakini alimjua msomaji. Akaja akicheza kutoka kwa wazazi, mabega yakitikisika, Mama Minza nyuma yake akishangilia kwa sauti ile ya kuita ng'ombe, na mama akavua kanga kiunoni akanifunika mabegani. Watu wakapiga makofi. Nilinusa moshi wa mafuta na jasho lake, nikaona dunia yote imekaa sawa.

Meza kuu hawakushangilia. Padri aliinamisha uso akawa anaichunguza ratiba. Diwani akamwinamia Bwana Samaki, akamgusa bega, akicheka. "Bwana Samaki, umeisikia hiyo? Hiyo si ya idara yako?" Wawili watatu wa jirani wakacheka pia. Bwana Samaki alitabasamu kwa midomo tu.

Tulipokwenda kupokea zawadi ya daftari na kalamu aliushika mkono wangu kwa muda.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Unaitwa nani, binti?"

"Kabula."

"Mama yako yupi?"

Ajabu ni kwamba alimjua mama. Alimjua kila Jumamosi. Lakini pale mbele ya wakubwa alitaka nimwonyeshe, na mimi nikamwonyesha, kwa mkono wote ulionyooka. "Yule pale, mwenye kitenge cha njano." Mama akanipungia.

Baadaye wageni walikula. Nilimwona Bwana Samaki akinyonya kichwa cha sato mpaka kikawa cheupe.

Nimetumia miaka kuelewa kilichotokea chini ya turubai lile, na kila nikielewa zaidi hasira yangu inapanda. Yule mtu alijua kokoro lipo. Alikuwa amelijua kabla sijajua kusoma. Lakini lilikuwa linajulikana kwa Kisukuma, kwa mfuko wa sato kwenye kona ya njia, na jambo linalojulikana hivyo linaweza kuendelea mpaka Yesu arudi. Mimi nililisema kwa lugha ya barua na mihuri, mbele ya diwani. Lugha niliyoidhani kihenge kumbe ndiyo ofisi yenyewe. Baada ya hapo hakuweza kuendelea kutojua, na badala ya kuona aibu yake akaja kuondoa aibu hiyo kwa mali ya mama yangu.

Walikuja Jumatatu, saa nane mchana, nikiwa narudi kutoka shule. Pikapu, Bwana Samaki, na mgambo wawili. Hawakuuliza wala kupekua nyumba. Walikwenda moja kwa moja kwenye kihenge, na hapo ndipo wanawake wote waliokimbilia uani kwetu walipotazamana. Udaga ukamwagwa chini, ukakanyagwa na mabuti. Kokoro likaburutwa hadi mchangani, likazungushwa kama mzoga, likamwagiwa petroli.

Lilishika moto kwa sauti ya pumzi. Nilisimama nikatafuta za bluu. Niliziona zikijikunja, kwanza moja kisha ya pili, zikadondosha matone meusi, na moshi ukanijia usoni. Mama alisimama mikono kichwani. Hakulia. Bwana Samaki alimsogelea, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama, haya umejitakia mwenyewe."

Nikakitambua kitenzi. Nilikuwa nimekipatia vema kubwa, na kiko hapo kinanuka.

Halafu, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari, akaongeza kwa sauti ya chini, akitutazama mimi na mama tuliokuwa karibu. "Una binti hodari sana wa Kiingereza. Msomeshe." Mlango ukafungwa. Mama hakunigeukia. Aliendelea kutazama gari mpaka vumbi likatulia, na mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Jioni jua likiwa bado juu ya maji, wanawake watano walikuja kuketi uani kwetu. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko. Mama Minza hakukaa. "Selikali haina macho ya kuona ndani ya kihenge," alisema. "Kuna mdomo. Nataka kuujua. Nani katuponza?" Mmoja akaapa kwa watoto wake, mwingine kwa kaburi la mamaye. Mimi mdomo ulishafunguka. Nilikuwa na neno ulimini, naapa nilikuwa nalo.

"Kabula," mama akasema, "nenda kateke maji."

Ndoo ilikuwa palepale kizingitini, imejaa hadi ukingoni. Nilikuwa nimeijaza mwenyewe. Mama akainuka, akaimwaga yote kwenye mchicha, akanipa tupu. Nikaona ajabu, maana maji hayakumwagwa hovyo kwetu. Lakini sura yake haikuwa ya kuulizwa. Nikaenda ziwani. Njiani nilipita jivu, bado linafuka.

Niliporudi wanawake walikuwa wameondoka. Tangu siku hiyo Mama Minza hakumsalimu mama. Wala wale wengine. Tulipita mbele za nyumba zao watu wakageukia ukutani. Mama alitolewa kwenye kikundi, na walipopata wavu mwingine, wa halali safari hii, hawakumwita. Mwanamke aliyewafundisha wenzake kwamba samaki hawamkimbii mwanamke alienda Kigongo kukaanga samaki wa kununua, awauzie abiria wa kivuko, peke yake, miaka kumi na zaidi. Nilidhani wamemkasirikia kwa kuwa kokoro lilikutwa kwetu. Mtoto hujipa jibu linalomwezesha kulala.

Kwa Mwalimu Sospeter nilikwenda siku ya pili baada ya moto. Nilimkuta anasahihisha. "Mwalimu," nikasema, "wamelichoma." Alijua, kijiji kizima kilijua. Akaweka kalamu chini, akanitazama kwa huruma ya kweli. "Pole sana, Kabula," akasema. "Lakini sentensi yako haikuwa na kosa."

Sijamsamehe. Najua alitaka kunifariji, najua hakuwa mtu mbaya, na bado sijamsamehe. Nilipopata kamusi yangu mwenyewe nilikifungua kitenzi kile kwenye ukurasa wake, na maelezo yalikuwa yaleyale ya ubaoni: mtu kupatwa na jambo baya kutokana na alichokifanya. Mifano yote ni ya watu wanaojiletea hasara na adhabu. Hakuna mfano hata mmoja unaosema nani alishika kiberiti. Ni kitenzi kizuri sana kwa wenye viberiti. Sisi tuna kuponza, na kuponza kunauliza kwanza: nani kamponza nani? Ndiyo maana Mama Minza aliuliza hivyo, na ndiyo maana swali lile lilihitaji jibu siku ileile.

Mimi na mama hatukulizungumza kamwe. Mara moja tu, nilipomaliza kidato cha nne, nilianza: "Mama, ile siku ya mahafali..." Alikuwa ananipa kisogo. "Siku zipi hizo? Koroga uji usiungue." Nikakoroga.

Alifariki mwaka jana, baada ya mavuno ya mpunga. Tulimzika kwetu. Siku ya kuanua matanga wanawake walikuwa wameketi uani kwenye mikeka wakichambua mchele, na Mama Minza alikuwepo, sasa mzee, mwembamba, fimbo pembeni. Nilimwamkia, akaitika vizuri. Nilifurahi amekuja. Halafu nikiwa napita na sinia nikamsikia akimwambia jirani yake, si kwa ubaya, kwa sauti ya mtu anayefunga hesabu na Mungu:

"Mimi nilishamsamehe. Ila mdomo wake ulituponza. Alisema mwenyewe, palepale uani, eti alijisifia kokoro kwa wachuuzi mnadani, Bwana Samaki akapata habari. Sikuamini ningeyasikia kutoka kwake. Mtu niliyekula naye sahani moja!"

Niliweka sinia chini. Kwa hiyo ndicho mama alichokisema nilipokuwa natembea na ndoo tupu. Alichukua kosa langu akalivaa. Kwa ajili ya kosa hilo alipoteza kikundi, mtumbwi na rafiki, akakaanga samaki peke yake hadi mvi, na wala hakuniambia, ili nisome.

Nilitakiwa kutoa neno la shukrani la familia. Nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi, lenye majina ya waliochangia na waliosafiri. Niliikunja. Nikasimama pale mbele ya wanawake, wima, mikono ubavuni, nikasema nina sentensi ya kuwasomea, niliisoma zamani kwa Kiingereza nao wakaipigia makofi. Nikaisema kwa Kiswahili. "Wakilikuta kokoro letu chini ya udaga, mama yangu atajiletea hasara kubwa." Nikarudia kwa Kisukuma, asibaki mtu nje.

Safari hii hakuna aliyepiga vigelegele. Mchele uliacha kupepetwa. "Ni mimi niliyesema," nikawaambia. "Mbele ya Bwana Samaki, mkiwa mmekaa mnanishangilia. Mama hakujisifia mnadani wala popote. Hakuwahi kusema kitu."

Nilimtazama Mama Minza. Nilikuwa na hasira naye, ya kutosha kuchoma nyumba, na nilimngoja aseme chochote ili niitoe. Kiganja chake kilikuwa ndani ya ungo, vidole vikisukuma punje huku na huku. Alipoinua uso hakunitazama mimi. Alitazama pale kizingitini mwa jiko, ambapo sasa hapakuwa na kitu.

"Ndoo ilikuwa imejaa," alisema. "Aliimwaga kwenye mchicha ili akutume. Kabula, mimi niliiona."